Upenyo wa Vidole Viwili

Nchi hii usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliwahi kufika, upepo ukawapiga, wakarudi kwao kabla hawajafungua mikoba. Iko juu milimani, huko ambako maji ya kunawa huganda kwenye karai mwezi wa sita na mbuzi hulala jikoni pamoja na wenye nyumba. Ni nchi tulivu. Ina serikali nyingi kuliko inavyohitaji, na wananchi wanaipenda sana serikali hiyo kwa kuwa ipo sheria inayowataka waipende.

Siku moja Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuwa bungeni, katika saa ya tatu ya shukrani za utangulizi, akahisi kaubaridi shingoni. Akanyamaza. Wabunge wakapiga makofi, wakidhani kunyamaza nako ni sehemu ya hotuba. Mheshimiwa akageuka, akaona dirisha lililokaa upande kwenye fremu yake.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ya msiba, "joto la taifa hili linatoroka. Sisi tumekaa hapa tunachangia hoja, lenyewe linapita mianyani bila hata pasi ya kusafiria."

Kabla jua halijazama ikaundwa Wizara ya Kuziba, ikiwa na waziri mmoja, manaibu sita na jengo la ghorofa tano ambalo madirisha yake yote yalijengewa matofali ili kuonyesha mfano. Salamu ikabadilishwa siku hiyohiyo. Ukikutana na mtu njiani ulipaswa kusema, "Ziba!" naye aitikie, "Imezibwa!" Asiyeitikia alichukuliwa kuwa na tundu mahali fulani.

Mambo hayo yalimfikia Bi Sekela Ngailo polepole, maana aliishi mbali na bunge, kwenye mji mdogo wa Nyaluhimba. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa bweni la shule, akisonga ugali wa wanafunzi mia tatu kwa mwiko mrefu kama kasia, na tangu astaafu mkono wake ulikuwa umekataa kujifunza kipimo cha mtu mmoja. Kila siku alipika, akala kidogo, akatazama kilichobaki. Mumewe alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Binti yake aliolewa nchi nyingine, ambako inasemekana kuna joto na watu hutembea mikono wazi.

Nyumba yake ilikuwa moja ya zile nyumba pacha za serikali ya zamani: paa moja, familia mbili, ukuta wa mbao katikati. Upande wa pili aliishi Mzee Lwitiko Sanga, mjane kama yeye, karani mstaafu wa stesheni ambayo treni yake iliacha kuja bila kuaga. Alikuwa mzee wa maneno machache na mwandiko mzuri mno. Nyuma ya jiko la Bi Sekela, mahali mbao mbili za ukuta zilipokuwa zimekauka na kuachana, palikuwa na upenyo wa upana wa vidole viwili. Meza ya Mzee Lwitiko ilikuwa upande wa pili wa upenyo huo.

"Umeamka, Bi Sekela?"

"Nimeamka. Magoti ndiyo bado."

"Yaache yalale. Wewe tangulia."

Hivyo ndivyo kila siku ilivyoanza. Mzee alikuwa akikohoa, akimwambia usiku mvua ilipiga upande gani. Bi Sekela alikuwa akimwambia maharage yameungua au hayajaungua. Wakati mwingine walinyamaza wote wawili, kila mmoja na kikombe chake, na kimya hicho nacho kilikuwa cha watu wawili. Hawakuwahi kuingia nyumbani kwa mwenzake hata mara moja. Mji ulikuwa mdogo, na mjane akionekana akitoka kwa mjane, habari ingefika sokoni kabla yake. Ukuta uliwatunzia heshima, upenyo ukawatunzia mengine.

Kikosi cha kuziba kilifika Nyaluhimba siku ya Jumanne, kikiongozwa na Bwana Edigari Mpogolo, Afisa Joto wa Wilaya, mtu mwenye sauti kubwa na shingo iliyofungwa skafu tatu za cheo. Walianza na nyumba ya Bi Sekela kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na gari. Majirani wakajaa mlangoni kutazama, wakiwemo akina mama wa kwaya na mwenyekiti wao.

"Kila tundu," Bwana Mpogolo akawatangazia, "ni adui aliyekaa kimya. Leo tunamnyamazisha zaidi!"

Mafundi wakapanda darini na magodoro ya sufi. Wakang'oa dirisha la zamani, lile lililokuwa likilia upepo ukivuma, wakaweka la vioo vitatu vilivyopangana, jipya, zito, lisilofunguka. Wakafunga milango miwili badala ya mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, yote ikiwa na mpira pembeni na kengele juu iliyounganishwa na ofisi ya wilaya. Kisha fundi mmoja akachungulia nyuma ya jiko.

"Mama, huu upenyo una kazi yoyote?"

Watu wote wakamtazama Bi Sekela. Mwenyekiti wa kwaya akasogea mbele kidogo ili asikie vizuri. Bi Sekela akahisi uso unamwaka kama wa msichana. Angesema nini? Kwamba ndimo asubuhi yake inamoingilia?

"Hauna kazi," akasema.

Upande wa pili wa ukuta kiti kikakwaruza sakafu.

Fundi akaingiza bomba, akaminya. Povu la njano likaingia upenyoni, likaumuka, likafurika nje kama uji uliosahauliwa motoni, halafu likakauka. Bwana Mpogolo akaligonga kwa kidole. "Ziba!" akasema. Akina mama wa kwaya wakaitikia kwa sauti nne.

Tuseme ukweli, maana mwandishi hana ugomvi na Wizara: nyumba ilipata joto. Makaa yaliyokuwa yakiisha kwa siku moja sasa yalikaa siku tatu. Magoti ya Bi Sekela yakaacha kuuma. Alikaa ndani bila shali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, na wiki ya kwanza alijishangaa akitabasamu peke yake mbele ya jiko.

Lakini hakusikia kitu. Mvua ilinyesha, akaiona ikiteremka kwenye kioo kama picha. Jogoo alinyoosha shingo uani, akafunua mdomo, akaufunga. Asubuhi alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko, akaliambia lile povu, "Nimeamka," akangoja. Akasogeza sikio. Alichosikia ni damu yake mwenyewe ikizunguka.

Kumwona Mzee Lwitiko nje nako kulikuwa kumepangiwa utaratibu. Kwa kuwa milango ikifunguliwa kwa pamoja huleta upepo mkatizo, Wizara iliamua nyumba za namba witiri zifungue asubuhi na za namba shufwa zifungue mchana. Bi Sekela alikuwa namba saba, Mzee Lwitiko namba nane. Aliyefungua nje ya zamu, kengele ililia wilayani, na mlango wake ukapigwa lakiri kwa mwezi mzima. Kutembeleana kulipigwa marufuku kwa hoja nyepesi kueleweka: joto la mgeni ni mali ya nyumba alikotoka, kwa hiyo mgeni akiingia kwako amelitorosha.

Baada ya miezi miwili Bwana Mpogolo alirudi na kifaa chenye sindano. Akakizungusha chumbani, akakielekeza kwa Bi Sekela, akaguna.

"Nyumba haina kasoro, mama. Kasoro ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ndiyo shida, hujafanya lolote. Nyumba hii imezibwa kwa ajili ya watu watano. Wewe unatoa joto la mtu mmoja, tena aliyestaafu. Kitaalamu unaitwa Mkazi Pungufu." Alisema hivyo bila ubaya, kama daktari. "Usiogope. Serikali ina moyo. Tutakuletea Mtoa Joto."

Mtoa Joto aliletwa Jumatatu. Aliitwa Gwamaka, mtumishi wa Daraja la Pili, mtu mnene mwenye mashavu ya kung'aa na macho ya upole, aliyeajiriwa kwa sababu za wazi. Kazi yake ilikuwa kuketi. Aliketi kwa Bi Sekela kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, mikono magotini. Haikuruhusiwa aongee kazini, kwa kuwa maneno ni hewa moto na hewa moto ni mali ya umma.

Bi Sekela hakuwa amepikia mtu kwa miaka. Alimwekea sahani iliyojaa. Gwamaka akala yote, akafuta mdomo, akainamisha kichwa kwa shukrani.

"Una watoto, baba?" akamuuliza.

Gwamaka akaonyesha vidole vinne.

"Wote wazima?"

Akafikiri. Akapunguza kidole kimoja.

 Waliketi, yule mkubwa na huyu mdogo, wakitazama jiko. Ilikuwa ajabu kwake kwamba nyumba yenye mtu ndani yake inaweza kuwa pweke kuliko nyumba tupu.

Wiki ya tatu, saa sita ilipofika, alimsindikiza Gwamaka hadi katikati ya ile milango miwili. Palikuwa na kijinafasi pale, kama kabati, ambacho kanuni zilikuwa hazijaamua kama ni ndani au nje. Gwamaka akavuta mlango wa nyuma yake, akakohoa, akasema kwa sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake:

"Mama, maharage yako ni matamu kweli."

Bi Sekela alishtuka nusura aanguke.

"Na hapa sipaswi kukaa," Gwamaka akaendelea haraka. "Ila nikwambie. Mchana nakaa kwa jirani yako, Mzee Lwitiko. Naye ni Pungufu."

"Hajambo? Bado anakohoa?"

"Anakohoa. Hatazami dirishani, hagusi redio. Anakaa mezani, ameegemeza sikio ukutani. Tangu naingia hadi natoka."

Bi Sekela akashika mpira wa mlango. "Mwambie..."

"Siwezi, mama. Nikibeba maneno nitakuwa posta. Mimi nimeajiriwa kama joto." Akamtazama kwa huruma, akafungua mlango wa nje, akaenda zake kumpasha moto jirani.

Siku hiyo Bi Sekela hakupika. Alikaa mbele ya povu la njano, akawaza neno alilolisema mbele ya watu, *hauna kazi*, na kile kiti kilivyokwaruza. Yule mzee alikuwa amelisikia. Na bado alikuwa ameweka sikio.

Kesho yake, zamu ya witiri ilipofunguliwa tu, alimwacha Gwamaka akiipasha joto nyumba peke yake, akajifunga khanga mbili na shali, akaenda ofisi ya wilaya ya Wizara ya Kuziba. Humo mchana ulikuwa unawashwa kwa taa. Karani wa dirisha la maombi, kijana mwembamba mwenye koti la sufi lililofungwa hadi kidevuni, hakuinua macho.

"Ziba."

"Imezibwa, mwanangu. Nataka izibuliwe."

Kalamu ikasimama. Karani akamtazama kama mtu aliyesikia tusi asilolijua maana yake. Akafungua kabati, akapekua, akatoa kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole.

"Ipo," akasema kwa mshangao. "Fomu Namba Kumi na Tisa. Maombi ya Kurejesha Upenyo. Sikujua kama ipo. Imewahi kutumika mara moja tu wilaya nzima." Akavuta jalada jembamba. "Na hapa hapa Nyaluhimba. Nyumba namba nane."

"Nane?"

"Ilikataliwa. Ilikosa sahihi ya upande wa pili wa ukuta."

Bi Sekela hakuwa na miwani, lakini mwandiko ule ulisomeka hata kwa mbali, herufi zikiwa zimesimama wima kama abiria wanaongoja treni. *Upana: vidole viwili. Urefu: kiganja.* Na chini yake, penye *Madhumuni ya upenyo*, Mzee Lwitiko alikuwa ameandika: *Kujua kama jirani yangu ameamka. Yeye amesema hauna kazi, wala simlaumu, palikuwa na watu. Naomba upande wangu tu.*

"Mama, unalia?" karani akauliza. "Usilie humu, unyevu unapimwa."

"Nipe hiyo fomu."

"Hii imekufa. Nakupa mpya. Ila sikiliza vizuri: ina uhai wa asubuhi moja. Sahihi mbili, yako na yake, kabla ya saa sita. Baada ya hapo hairudiwi kwa mwaka mzima."

Alitembea upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. Alipofika namba nane, akagonga mlango. Akagonga kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kisigino. Ulikuwa mlango uliotengenezwa vizuri, haukupitisha kitu. Akazunguka nyumba hadi dirishani.

Mzee Lwitiko alikuwa mezani kama alivyoambiwa, amempa dirisha mgongo, shavu limelala ukutani. Alikuwa amekonda. Alikuwa akisikiliza nyumba ya Bi Sekela kwa makini, kama mtu anayengoja treni, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu zaidi ya Gwamaka.

"Mzee Lwitiko!"

Vioo vitatu vikaimeza sauti. Akapiga dirisha kwa mikono yote miwili. Hakusikiwa. Akaita jina lake bila kulitanguliza *Mzee*, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaita hadi koo likakwaruka, na wapita njia wa namba witiri wakasimama kutazama. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa miongoni mwao. Bi Sekela akamwona, akaendelea kupiga.

Mwishowe alivua shali lake jekundu, akalipunga, akaruka nalo mbele ya jua. Kivuli kikapita ukutani, juu ya mkono wa yule mzee. Akageuka.

Wakatazamana. Mzee Lwitiko akainuka polepole, akaja hadi kwenye kioo. Midomo yake ikasema kitu. Bi Sekela akatikisa kichwa kuonyesha hasikii. Mzee akaelekeza mkono mlangoni, kisha akaonyesha saa yake: zamu yake ilikuwa bado. Bi Sekela akaitikia kwamba anajua. Akakunjua fomu, akaibandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili, maandishi yakielekea ndani.

Mzee akaisoma. Alisoma kila neno, kwa kuwa alikuwa karani, na alipofika penye *Madhumuni*, ambapo Bi Sekela alikuwa ameandika kwa haraka *Hata mimi*, aliyasoma tena maneno hayo mawili. Kisha akatoa kalamu ya wino mfukoni, akainama, na palepale, usawa wa mstari wa nukta, akatia sahihi yake juu ya kioo. Aliweka na mkia wake mrefu, na nukta mbili chini.

Bi Sekela akatoa karatasi. Sahihi ikabaki dirishani. Mstari wa fomu ulikuwa mtupu.

Saa tano na dakika arobaini alikuwa tena mbele ya karani.

"Sahihi ya pili iko wapi?"

"Iko dirishani kwake. Ndani."

Karani akaita bosi wake. Bosi akaita Bwana Mpogolo, ambaye alikuja na skafu zake tatu, akafungua kanuni, akasoma, akatokwa jasho. Kanuni ilikuwa wazi. Sahihi iliyotolewa kwa hiari ndani ya muda ni halali popote ilipo, na *ni wajibu wa Wizara kuiambatisha kwenye fomu*. Ilikuwa imeandikwa na Mheshimiwa Mlezi mwenyewe, kwa maana nyingine kabisa ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Hivyo mchana huo kikosi kilifika namba nane na nyundo na patasi. Bwana Mpogolo akasimamia mwenyewe, mbele ya watu walewale wa siku ya kwanza.

"Ndugu wananchi," akasema, "leo Wizara inachukua ushahidi. Msitafsiri vinginevyo!"

Wakang'oa dirisha lote, vioo vitatu na fremu yake, wakalizungushia blanketi, wakalipakia garini. Likaenda ofisini, likatobolewa pembeni, likafungwa kwa uzi kwenye Fomu Namba Kumi na Tisa. Fomu ikapelekwa makao makuu kwa uamuzi. Makao makuu wakaunda kamati. Kamati ikaomba kwanza maana ya neno *upenyo*. Na kwa kuwa jambo lililo chini ya uchunguzi haliguswi, lile pengo la ukutani kwa Mzee Lwitiko, pana la kupitisha ng'ombe, halikuruhusiwa kuzibwa hata kwa gunia. Bwana Mpogolo, ili asiharibu takwimu za wilaya, aliandika kwenye daftari lake kwamba nyumba namba nane ni sehemu ya nje. Gwamaka akahamishiwa kwa Pungufu mwingine, maana nje hakupashwi joto.

Povu la nyuma ya jiko liko pale hadi leo.

Asubuhi ya kwanza upepo ulikuwa mkali. Bi Sekela alifungua milango yake miwili kwa zamu, akatoka na kigoda na birika la chai, akakaa chini ya lile pengo, upande wa uani, kwa kuwa kuingia ndani bado aliona si adabu. Ndani, Mzee Lwitiko alikuwa amehamishia meza yake pale. Alivaa koti la stesheni na kofia, na blanketi juu ya vyote.  Walikuwa wamezoea kuongea bila kuonana, na sasa kila mmoja aliona aibu ya uso wa mwenzake. Bi Sekela akamimina chai, akampitishia kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili.

Wapita njia walipunguza mwendo, wakatazama, wakaenda.

"Unatetemeka," Mzee Lwitiko akasema.

"Natetemeka, ndiyo."

"Kwako kuna joto, Bi Sekela. Rudi ndani."

"Najua kuna joto," akasema, na akavuta kigoda karibu na ukuta.